Kimeo na Kiraka

Kila mwaka, nikifika kidato cha pili, nachora moyo ubaoni. Natumia chaki mbili, nyekundu na buluu. Nachora vyumba vinne, nachora ukuta wa katikati, natia mishipa mikubwa, kisha nageuka na kuwauliza wanafunzi: damu yenye hewa safi na damu isiyo na hewa hukutana wapi? Wapo wanaosema juu, wapo wanaosema chini. Jibu ni kwamba hazikutani. Nimefundisha baiolojia mjini Kigoma kwa miaka kumi na moja, na nafundisha vizuri, muulizeni yeyote.

Nalisema hilo mwanzoni ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua. Mtoto wangu wa kwanza, binti, alizaliwa na tundu kwenye ukuta ule. Nilijua tundu lile linafanya nini, nilijua linazibwaje, na nilijua nini ni hatari kwake. Anayetaka kunihukumu aanze hapa hapa.

Tunakaa Bangwe, nyumba ya tofali yenye baraza inayotazama ziwa. Mtoto alipofika miezi miwili mke wangu alianza kusema kwamba akinyonya anatoka jasho. Nikamwambia ni joto. Akaniuliza ni joto gani hilo la kumlowesha mtoto kichwa kama mtu anayelima, tena ananyonya dakika mbili anaacha apumue, ananyonya tena anaacha. Mke wangu kwao ni Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kule kaskazini ambako watu husafiri kwa boti, na yeye ni mtu wa kutazama kitu kimya kimya mpaka akiseme kwa uhakika. Tukaenda hospitali. Daktari wa watoto, mama mmoja mpole wa makamo, akaweka kipimo kifuani kwa mtoto akasikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Picha ilipopigwa tukaambiwa tundu ni kubwa na halitajifunga lenyewe. Damu ilikuwa inavuka ukuta na kwenda kuyajaza mapafu, ndiyo maana mtoto alihema haraka, ndiyo maana alikohoa, ndiyo maana hakunenepa. Angepelekwa hospitali kubwa Dar es Salaam, angefunguliwa kifua, tundu lingezibwa kwa kiraka. Lakini kwanza aongezeke uzito, na kwanza zamu yake ifike.

Kiraka chenyewe, alitueleza daktari, hakikuwa kitambaa. Ni utando unaouzunguka moyo wa ng'ombe. Husafishwa, hutiwa dawa ili usioze na mwili usiukatae, kisha daktari mpasuaji huukata kwa kipimo cha tundu na kuushona pande zote. Baada ya miezi, nyama ya mtoto mwenyewe hukua juu yake na kiraka kikawa ukuta.

Habari hiyo nilimpelekea mama yangu kijijini Simbo. Mama alikuwa mjane, analima mihogo na maharage, ana michikichi yake michache, na kila wiki alikuja Bangwe na kitu kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ng'ombe wa wapi?"

"Wa Ulaya, mama. Au Amerika."

"Wa huko si hana hata pembe," akasema, kwa masikitiko ya kweli, maana kwa Muha wa umri wake ng'ombe ni pembe. Wiki iliyofuata alikuja nyumbani, akampakata mjukuu wake akamwambia, "Haya, mwana wanje, mwanangu. Wenzako ng'ombe wao huja siku ya kuolewa. Wewe wa kwako anakuja mapema, tena anakaa ndani kabisa."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Walipendana hao wawili. Nataka ijulikane hivyo, kwa sababu ya yaliyokuja baadaye.

Siku hiyo hiyo mama akauliza kuhusu kikohozi. "Mmemtazama kimeo?" Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kooni. Kila mtu anacho na hakina kosa lolote, lakini kwetu mtoto akikohoa muda mrefu au asiponenepa husemwa kimeo kimerefuka, na wapo mafundi wa kukikata. Mimi nilikatwa nikiwa na miaka minne. Mama ndiye aliyenipeleka.

Nilimcheka. Nilimwambia mimi nafundisha watoto wa watu waache ujinga huo, halafu nije niufanye nyumbani kwangu? Nilisema mengi, kwa sauti ya darasani. Mama alifunga khanga yake vizuri akasema alikuwa anauliza tu.

Na haikuishia hapo. Kliniki iliyofuata mama alitusindikiza, na daktari akatuonya: mtoto asitobolewe masikio, asichanjwe chale, na juu ya yote asikatwe kimeo. Jeraha la kinywani lina wadudu, alisema, na wadudu wakiingia kwenye damu ya mtoto mzima hupita wakafa, lakini kwa huyu watatua kwenye kingo za lile tundu na kujenga. Nilimgeukia mama nikamtafsiria kwa Kiha, neno kwa neno, polepole, kama ninayemsomea hukumu. Mama Kiswahili anakisikia vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi.

"Nimesikia," akanijibu kwa Kiswahili.

Mtoto alifika mwaka mmoja na miezi miwili. Alikuwa na meno sita, anasema "baba" na "maji", na anakaa akiegemea mto kwa sababu kukaa peke yake kulimchosha. Zamu yetu Dar ilikuwa imekaribia. Ndipo baba mkwe akafariki Mwamgongo. Mke wangu ilibidi aende, na mtoto wa namna ile humpakii kwenye boti ya wazi saa nne nzima apigwe na mawimbi. Shule ilikuwa imefungwa. Nikasema nitabaki naye mimi, na mama angekuja akimaliza kuvuna maharage.

Kwa siku tatu nilikuwa peke yangu na mtoto anayekohoa.

Sijui niieleze vipi. Nilijua kikohozi kile kinatoka wapi. Ningeweza kukichora. Lakini kuchora ni kitu kimoja, na mtoto kukohoa juu ya kifua chako mpaka midomo inakuwa ya buluu, mara anakutazama kana kwamba una la kufanya na hulifanyi, ni kitu kingine. Siku ya tatu asubuhi simu ilipigwa kutoka Dar. Walisema wamepata wagonjwa wa dharura, zamu yetu imesogezwa mbele miezi miwili, tuwe na subira. Nikasema asante. Nilikata simu nikakaa na mtoto barazani, akaanza tena kukohoa.

Saa nne nilikuwa Ujiji.

Nilikuwa nasikia habari za fundi yule tangu utotoni. Nilimkuta uani kwake, mzee mwenye shati lililopigwa pasi, ananawa mikono kwa sabuni. Sabuni ile ndiyo iliyonimaliza. Niliiona nikajiambia, huyu ni msafi. Mtu mwenye shahada alikuwa anatafuta kitu chochote cha kumruhusu, akakipata kwenye beseni. Mzee alimfungua mtoto kinywa kwa mpini wa kijiko, akachungulia, akasema kimeo kimelala juu ya ulimi, angechelewa kidogo kingemziba.

"Ana ugonjwa mwingine?" akaniuliza.

"Hana."

Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo. Ningesema ana moyo, yule mzee pengine angekataa. Niliona usoni kwake kwamba ni mtu wa kukataa. Nikasema hana.

Mimi ndiye niliyeshika kichwa. Haikuchukua muda, kijiti chenye panda kwa kukibania, kisu kidogo kilichopinda, basi. Mzee alinionyesha kile kinyama kwenye jani, chekundu, kidogo kuliko punje ya harage. Alimpaka mtoto unga wa dawa, akatuombea heri. Nilirudi Bangwe kwa bajaji na mtoto amelala begani, na damu kidogo kwenye kola yangu, ambayo niliifua mwenyewe.

Kwa siku mbili hakukohoa. Leo najua ni maumivu yalikuwa yanamzuia. Siku zile nilifurahi. Naliandika neno hilo makusudi. Nilitembea ndani ya nyumba yangu nikiwa nimefurahi, na nikajiambia nitamwambia mke wangu polepole, mtoto akishapona, tutacheka.

Mama alikuja kesho yake na maharage. Alimpa mtoto uji, mtoto akalia akageuza uso. Akajaribu tena. Kisha akambeba hadi barazani penye mwanga, akamwekea kidole kwenye meno ya chini, akatazama ndani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikifunga kile kinywa taratibu, akanitazama mimi, na nikawahi kusema, "Meno hayo, mama. Meno yanamsumbua."

"Mpe uji uliopoa," mama akasema.

Alikaa nasi mpaka mke wangu akarudi kutoka Mwamgongo, kisha akaenda zake Simbo.

Homa ilianza wiki moja baadaye. Ilikuja jioni ikaondoka asubuhi. Zahanati walipima malaria hawakuiona, wakatoa dawa, homa ikatulia, ikarudi. Mke wangu alitaka twende kwa yule daktari wa watoto, nami nikawa nasema tusubiri kidogo, ni meno, ni mafua ya ziwani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuwa naficha maradhi, nilikuwa naficha kisu, na yote ni mamoja. Mpaka Dar walipopiga simu kwamba nafasi imepatikana mapema, mtoto alikuwa amebaki macho tu. Tulipanda treni. Njia nzima mke wangu alimkanda kwa kitambaa cha maji, na kila kituo aliniambia, "Bado kidogo, Baba, tumekaribia," kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

Daktari aliyetupokea kule alikuwa kijana, mwenye haraka. Alimsikiliza mtoto, akatazama kucha zake, akamwangaza kinywani kwa tochi. Akazima tochi, akaiwasha tena.

"Huyu amekatwa kimeo," akasema. "Nani amemkata?"

Mke wangu alisema hapana, mtoto wetu hajakatwa, tulionywa. Daktari akampa tochi atazame mwenyewe. Alitazama. Alipoinua uso hakumtazama daktari, alinitazama mimi, na nilijiandaa.

"Ni mama yako," akasema. "Nilipokuwa msibani. Alikuwa na mtoto. Ni yeye aliyekuwa anasema kimeo, kimeo."

Hakuwa ananishuku hata chembe. Mimi nilikuwa yule mwalimu aliyepiga kelele. Kinga niliyokuwa nayo niliijenga mwenyewe, siku ile nilipomcheka mama. Daktari alikuwa anangoja, kalamu mkononi.

"Nitamuuliza," nikasema.

Hilo ndilo neno langu. Nimeshaliangalia pande zote kwa miaka mitatu. Si uongo kamili, na kwa hiyo ni baya kuliko uongo.

Mke wangu hakungoja nimuulize. Tulikuwa bado kwenye korido alipompigia mama na kuweka spika. Mama alipokea kwa furaha, akauliza mmefika, mjukuu wangu ameonaje safari.

"Mama, ulimkata mtoto kimeo?"

Nilisikia kuku wa mama.

"Baba yake yuko hapo?" mama akauliza.

"Yuko."

"Anasemaje?"

"Anasema atakuuliza."

Mke wangu akatazama simu kuona kama imekatika. Ningeweza kusema. Simu ilikuwa umbali wa mkono wangu. Nilitazama bango la kunawa mikono lililobandikwa ukutani, nikalisoma lote.

"Basi," mama akasema. "Nisameheni, wanangu."

Mke wangu alikata simu. Hakupiga kelele, hakulia. Alisema tu kwamba mwanamke yule asimguse mtoto wake tena.

Wiki sita mtoto alilazwa na dawa ya mshipani. Picha ilionyesha uchafu wa wadudu umejenga kwenye kingo za tundu na kwenye mlango mmoja wa moyo, pale pale alipotuambia yule daktari wa Kigoma. Madaktari walitaka waufishe kwanza, ndipo wapasue. Mishipa ya mikono ikaisha, wakahamia miguuni, kisha kichwani. Mwishowe wakasema hawawezi kungoja zaidi, moyo unachoka.

Mpasuaji alikuwa mtu mzima, mtaratibu. Tulipomwuliza kuhusu kiraka alitutoa wasiwasi, akasema ni cheupe, laini, mithili ya ile ngozi ya ndani ya ganda la yai, lakini kina nguvu na huvumilia uzi. Mke wangu akasema mama mkwe wake alikiita ng'ombe wa mapema. Kisha akakumbuka ni nani aliyemtaja.

Walimfungua saa mbili asubuhi, tukamwona saa kumi. Nilimgusa unyayo. Tangu azaliwe nyayo zake zilikuwa baridi, na siku ile zilikuwa za moto, za moto wa kawaida wa mtoto, na kucha zilikuwa za waridi. Kwa siku nane tulikuwa na mtoto ambaye hatujawahi kuwa naye. Aliomba chakula. Alimpokonya mama yake kijiko. Siku ya nane alisimama akishika kitanda, akatazama miguu yake mwenyewe kwa mshangao, na mimi nilikwenda chooni nikalia, nikamwahidi Mungu nitamwambia mke wangu kila kitu siku tukishuka stesheni Kigoma.

Siku ya tisa homa ilirudi. Siku ya kumi na tatu alifariki, mchana, mke wangu akimshika mkono huu na mimi ule.

Yule mpasuaji hakutuficha. Alisema kiraka hakikuachia. Kilikuwa kizima mpaka dakika ya mwisho. Kilichoachia ni nyama kilikoshonewa, kwa sababu uchafu uliobaki uliendelea kuila kwa chini. "Ukuta ungekuwa mzima," akasema, "angekuwa anakimbia." Alisema kwa upole, na alimwangalia mke wangu, na mke wangu akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Mke wangu alikataa kata kata mtoto kuzikwa Simbo, alipozikwa baba yangu. Tulimzika makaburi ya mjini. Mama alikuja amefunga kiuno. Mama mkwe, aliyefika na boti ya alfajiri, alimzuia mlangoni akamwambia kwa heshima zote, "Mama, wewe kaa huko nje tu." Akakaa nje, karibu na kuni za msibani. Wanawake walipita na masufuria wakimkwepa kama moshi. Nilimpelekea kiti. Ndipo ushujaa wangu wote ulipoishia, kwenye kiti cha plastiki. Alikipokea akasema, "Asante, mwanangu," kisha akaniuliza kama nimekula.

Mnaniuliza kwa nini sikusema wakati ule. Kwanza, nilimwonea mke wangu huruma. Hiyo ni sababu nzuri na niliitumia mwaka mzima. Halafu nikajiambia mama mwenyewe amekubali. Halafu nikajiambia yaliyopita si ndwele. Misemo haimwachi mtu wa namna yangu apungukiwe. Kwenda Simbo nilikwenda, kila mwisho wa mwezi, nikapeleka sukari na sabuni, tukazungumza mvua. Mama hakuligusa. Watu wa Simbo nao walikuwa wameshapata habari, na mama aliyekuwa anaitwa kila nyumba yenye mzazi, akawa haitwi.

Mwaka jana tulipata mtoto mwingine, wa kiume. Hata upigwe picha moyo wake mara ngapi, ni mzima. Kwetu, mtoto akitolewa nje kwa mara ya kwanza, bibi mzaa baba ndiye humpakata na kumwonyesha jua. Mke wangu alimwita mama yake kutoka Mwamgongo akafanya kazi hiyo. Mama yangu alituma debe la maharage na kitenge cha kumbebea. Kitenge kilikunjwa kikawekwa sandukuni.

Miezi mitatu baadaye nilikwenda Simbo kama kawaida yangu. Mama alikuwa anamenya mihogo, amekonda. Tulisalimiana, nikakaa. Akaendelea kumenya, kisha akauliza bila kuinua macho, "Anafanana na nani?"

Mtoto yule anafanana na yeye. Ana paji lake la uso na vidole vyake. Nilimwambia hivyo, na mama akacheka kidogo, akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono wenye unga wa muhogo.

"Mama, nitamwambia mke wangu," nikasema. "Leo."

Hakujifanya hajui ninasema nini. "Ukimwambia, wewe utapata nafuu," akasema. "Na yeye je? Miaka yote hii amekuwa na wa kumchukia anayekaa mbali. Sasa unataka amchukie anayekula naye."

"Kwa nini ulikubali, mama? Siku ile ya simu."

Akaweka kisu chini. "Mimi ndiye niliyekukata wewe," akasema. "Ulikuwa unalia, nikakwambia kisu ndiyo dawa. Ulijifunzia wapi kingine?"

Nilirudi Bangwe nikamkuta mke wangu anakunja nguo za mtoto kitandani, dirisha liko wazi, jua la saa kumi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Fundi, sabuni, "hana", kola niliyoifua. Aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha. Akalaza viganja juu ya lile fungu.

"Siku ile nampigia mama simu," akasema, "ulikuwa umesimama wapi?"

"Pembeni yako."

"Najua. Nilikuwa nataka niwe nimekosea. Nilitaka uwe umetoka kidogo."

Asubuhi alifungua sanduku akatoa kile kitenge, akambeba mtoto mgongoni. Nilichukua ufunguo wa pikipiki. Akasema, "Wewe baki, Mwalimu." Mpaka siku ile alikuwa ananiita Baba.

Alirudi kesho yake kwa bajaji. Mama alikuwa kiti cha nyuma na mjukuu wake mapajani, na furushi la nguo miguuni. Sikuambiwa walisemezana nini Simbo. Mama alipewa chumba cha pili, mtoto akahamia humo naye, na baada ya wiki mke wangu pia akahamia. Nikiingia jikoni huwakuta wanachambua dagaa na kuzungumza, na hawanyamazi kwa hila, wananisalimia vizuri, wananipakulia. Mama bado huuliza kama nimekula.

Juzi asubuhi nilikuwa nimempakata mtoto barazani, nampa uji. Akapaliwa, akakohoa. Kikohozi kimoja, cha uji tu. Wote wawili walikuwa uani wakaacha kazi zao, wakainua vichwa, na hawakumtazama mtoto, walinitazama mimi. Kisha mke wangu akanawa mikono, akaja pale nilipokaa, akamchukua mtoto mikononi mwangu bila kunisukuma, akaenda kumpa mama yangu.